Kubandwa si Kupandwa

Neno okubandwa, ambalo wazee wa Karagwe walilitumia kwa ibada moja kubwa ya zamani, limepata bahati mbaya katika Kiswahili. Kila aandikaye juu ya mila za nchi hii hulikuta njiani, na kwa kuwa hana neno lililo tayari, hushika lililo karibu. Mmoja huandika "kupandwa na pepo". Wa pili huandika "tambiko". Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa dini, huandika "ibada ya mashetani", kisha hupita akaendelea na habari nyingine. Sisi tunaofundisha huku Kituntu tumezisoma tafsiri zote tatu, katika madaftari ya wanafunzi na katika maandishi ya watu wazima, na twaona kwamba zote tatu zimepotoka, ingawa kila moja imepotoka kwa njia yake.

Tuanze na ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo idanganyayo zaidi. Masikio husikia kubandwa, kisha husikia kupandwa, na moyo hutulia: kumbe ni neno moja, limebadilika kidogo tu mdomoni mwa Wanyambo! Tena maana nayo yasaidia udanganyifu huo. Watu wa pwani husema kwamba pepo humpanda mtu kichwani, na yule apandwaye huitwa kiti, kwa kuwa pepo amemkalia. Basi mwandishi hudhani amepata asili ya neno bila jasho.

Lakini lugha zina sheria zake, nazo hazifuati tamaa yetu. Mahali ambapo Kiswahili kina p mwanzo wa shina, lugha ya Karagwe ina h. Kiswahili chasema kupa, Runyambo husema okuha. Mahali katika Kiswahili huonyeshwa kwa pa-, na katika Runyambo kwa ha-. Hata jina la Mungu, Ruhanga, ni ushahidi wa jambo hilo, maana latoka katika okuhanga, kuumba, nalo ni ndugu wa neno letu kupanga. Kama okubandwa lingekuwa ndugu wa kupandwa, tungelisikia okuhandwa. Hatulisikii. Kwa hiyo undugu huu ni wa sura, si wa damu.

Wapo watakaosema: basi, kama si kupanda, ni kubana, mtu hubanwa na kile kinachomjia. Hawa wamekaribia maana kuliko wale wa kwanza, lakini kwa upande wa sauti nao wangoje kidogo. B ya asili ambayo Runyambo imeihifadhi mwanzo wa shina, Kiswahili kwa kawaida kimeilainisha au kimeiacha kabisa. Abantu kwetu ni watu kwa Kiswahili. Okuba ni kuwa. Okubona ni kuona. Neno lenye b pande zote mbili halikubaliki kuwa ndugu kwa kutazamwa tu. Lahitaji kuulizwa lilipita njia gani. Twakaza jambo hili kwa sababu walimu wengi wapenda sana mchezo wa kutafuta asili ya maneno, na mchezo wenyewe ni mzuri, ila mara nyingi huchezwa kwa sikio tu, kama mtu anunuaye ng'ombe gizani kwa kusikia mlio wake.

Njia iliyo salama ni kulitafuta neno nyumbani kwake. Ibada hii haikuwa ya Karagwe peke yake. Ilienea katika Bunyoro, Ankole, Buhaya, Buha, Rwanda na Burundi, na karibu kila mahali shina lake ni hilohilo. Katika lugha hizo neno hufasiriwa kutokana na kubanda, yaani kugandamiza, kukandamiza kwa nguvu kutoka juu. Na ile w iliyo karibu na mwisho ni alama ya kutendwa, kama ilivyo katika Kiswahili. Basi abandwaye ni mtu aliyegandamizwa. Tazama tofauti na pwani. Kule, pepo ni mpandaji na mtu ni kiti, naye aliyepandwa aweza kushukiwa kesho akawa kama alivyokuwa jana. Huku, mtu amepata uzito juu yake, na uzito huo wamwachia alama. Katika Rwanda mtu aliingizwa kwa ibada ya kwanza iitwayo kwatura, na baadaye aliweza kuendelea hadi ibada ya pili ya kumthibitisha, ambayo jina lake moja lasema kwamba anarudi kitini. Aliyekwisha kuingizwa hakuwa mgonjwa aliyeshikwa na kitu; alikuwa na cheo, wenzake, na maneno ya siri ambayo wasioingizwa hawakuyafahamu. Neno kwatura lenyewe halikufa pamoja na ibada hiyo. Katika Kinyarwanda maana yake ni kutamka wazi, na leo hutumika makanisani kwa maana ya kukiri. Hatujui mhubiri gani angelikataa, wala hatuoni sababu ya kulikataa.

Kutoka katika kitenzi hicho latoka jina embandwa. Watu wa Bunyoro na Buhaya husema embandwa, jirani zetu wa Ankole husema emandwa, na Wanyarwanda imandwa. Mwanafunzi mmoja mwerevu aliwahi kutuuliza ni ipi iliyo sahihi. Zote ni sahihi. Sauti mb ikifuatwa na nd katika silabi ijayo, lugha nyingine huona uzito wa kutamka mbili hizo pamoja, zikaiacha b ya kwanza ianguke. Sheria hiyo iliandikwa na mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof, na hata leo hujulikana kwa jina lake. Kwa hiyo tofauti ya embandwa na emandwa si tofauti ya mila wala ya imani; ni ya ulimi tu. Twaitaja kwa kuwa tumesoma mahali ambapo mwandishi alifanya emandwa kuwa "mizimu ya Ankole" na embandwa kuwa "mizimu ya Karagwe", kana kwamba mto Kagera umegawa hata mbingu.

Lililo gumu zaidi ni hili: embandwa ni nani? Umbo la neno lamwonyesha yule aliyetendwa, yaani mtu. Lakini katika Bunyoro jina hilohilo huitwa mtu na pia yule wa rohoni amjiaye. Mwenye kufasiri kwa Kiswahili hulazimika kuchagua, na hapo ndipo aharibupo. Akimtazama mtu, huandika "mganga", ilhali mganga kwetu ni omufumu, mtu mwingine mwenye kazi nyingine. Akimtazama yule wa rohoni, huandika "pepo". Na neno pepo katika Kiswahili cha Biblia limekwisha kufungwa pamoja na "mchafu". Hivyo hukumu huingia ndani ya tafsiri kabla msomaji hajaambiwa habari yenyewe. Kanisa lina mafundisho yake juu ya ibada hizi, nayo yajulikana na wasomaji wetu wote. Lakini kukataza jambo ni kazi moja, na kulifasiri ni kazi nyingine, na mtu akifanya ya kwanza huku akijidai anafanya ya pili, mwanafunzi hapati hata moja.

Sasa tuje kwenye tafsiri ya pili, "tambiko", ambayo waandishi wenye heshima kwa wazee huipenda. Nia yao ni njema. Neno hili ni safi, ni la Kibantu, halina harufu ya matusi. Lakini tambiko, kama kamusi zetu zilivyolieleza, ni sadaka itolewayo kwa mizimu ya waliokufa ili kuituliza au kuiomba. Mwenye kutambika ni mtu wa ukoo, na anayetambikiwa ni wa ukoo uleule: baba, babu, bibi. Mtoto huzaliwa ndani ya tambiko, hakuna anayemwingiza. Kubandwa ni kinyume chake. Mtu aliingia humo akitoka nje, kwa kuitwa au kwa kuugua au kwa kupelekwa, na wale aliowatumikia hawakuwa babu zake. Walikuwa Wamara, aliyekuwa mfalme wa Kitara katika masimulizi. Mugasha mwenye ziwa na maji. Irungu mwenye nyika. Na wengine wa kundi lile liitwalo Bachwezi. Katika Rwanda mkuu wao alikuwa Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Mtu wa ukoo wowote aliweza kumtumikia Mugasha. Lakini hakuna mtu wa ukoo mwingine aliyeweza kumtambikia babu yangu.

Wanyarwanda, ng'ambo ya Kagera, wametenga mambo haya mawili waziwazi hata katika vitenzi vyao. Kuwatolea wazazi waliokufa ni guterekera, kutokana na gutereka, kuweka chini kitu mbele ya mtu. Kuwatumikia kina Ryangombe ni kubandwa. Hakuna mwenyeji aliyeweza kuchanganya kuweka na kugandamizwa. Tena tuangalie waliofasiri Biblia katika lugha za huku. Walipotafuta neno la sadaka ya kuchinjwa, wa Ankole walichukua ekitambo, nayo Luganda ina ekitambiro. Shina -tamb- lafanana na la Kiswahili tambika, na safari hii sheria ya sauti haikatazi, kwa maana t ya Kiswahili ni t ya huku: kutuma ni okutuma, mti ni omuti. Hatusemi kwamba kufanana huko kwatosha kuwa hati ya undugu. Twasema tu kwamba, kama mtu anataka mwenzake wa neno tambiko katika nchi hizi za maziwa, na abishe hodi katika nyumba hiyo. Wenyeji waliofasiri hawakuweka okubandwa mahali pa sadaka hata mara moja, nao walijua kwa nini.

Hata hivyo, Karagwe ina fundo moja ambalo linampa mwenye kusema "tambiko" sehemu ya haki yake, na tungekuwa wachoyo tukilificha. Wafalme wa Karagwe walikuwa Wahinda, na Ruhinda, aliyeanzisha nasaba yao, husimuliwa kuwa mwana wa Wamara kwa mjakazi aitwaye Njunaki. Kwa hiyo Wamara, aliye mgeni wa heshima kwa watu wote, kwa nyumba ya mfalme ni babu. Mnyambo wa kawaida aliyemtumikia Wamara alikuwa akibandwa. Mhinda aliyemheshimu Wamara alikuwa, kwa kipimo tulichokitoa sasa hivi, pia akitambika. Mambo mawili yakutana uani pa mfalme, nayo hayakutani mahali pengine. Ndiyo maana mtu achukuaye habari zake kutoka ikulu peke yake hupata picha isiyofanana na ya shambani.

Kukutana huko kwa dini na enzi kulimtatiza hata mgeni wa kwanza wa Kizungu aliyeandika habari za Karagwe. John Hanning Speke alifika pamoja na James Augustus Grant mwezi Novemba 1861, wakapokewa kwa wema na Rumanyika. Mwishoni mwa mwaka huo mwezi ulipoandama, Speke alialikwa kutazama. Aliona mfalme amepambwa kwa shanga na manyoya mekundu, akasikia ngoma 35 zikipigwa kwa pamoja na kwa upatano mzuri, kisha akaona wakubwa wakija mmoja mmoja kuapa kwamba watakuwa waaminifu. Aliliandika jambo hilo kwa maneno ya baraza la wafalme wa Ulaya, kama siku ya kuamkia mfalme. Je, alikosa? Nusu tu. Kiapo alikiona, nacho kilikuwapo. Lakini kwa nini siku ya mwezi kuandama, wala si siku nyingine? Na kwa nini ngoma? Katika nchi hizi engoma si chombo tu. Engoma ni ufalme wenyewe, na mwenye kutawazwa husemwa kuwa amekula ngoma. Pale ambapo Speke alihesabu vyombo 35, mwenyeji aliusikia ufalme ukisema. Laiti mtu angemuuliza mzee mmoja wa siku ile kama jambo hilo lilikuwa la dini au la serikali, mzee angeomba kwanza aelezwe swali.

Tafsiri ya tatu, "ibada ya mashetani", haihitaji maneno mengi kwa upande wa mashetani. Neno hilo ni tusi, na tusi halina asili ya kutafutwa. Linalostahili kutazamwa ni ibada, kwa kuwa wengi wetu hulitumia kila siku bila kulisikiliza. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule wa abdi, mtumwa. Abdallah ni mtumwa wa Mungu. Ibada basi, kwa asili yake, ni utumishi wa mtumwa kwa bwana wake: ni kazi ya faradhi, inayojulikana saa zake na namna yake. Waislamu waliotuletea neno hili huweka chini yake sala, saumu, zaka na hija. Wakristo walilikuta tayari, wakalitia katika matumizi yao, nalo lafaa.

Lakini huku kwetu walioleta Injili hawakufasiri kwa utumwa. Katika Runyankore na Kinyarwanda neno la kumwabudu Mungu ni la shina moja, okuramya na kuramya. Katika Kinyarwanda asili yake yaonekana bado, maana kurama ni kuishi siku nyingi, na kuramutsa ni kusalimu. Kumwabudu Mungu ni kumtolea salamu ya uzima, kama ile wapewayo wakubwa. Neno limetoka barazani pa mfalme, halikutoka kilingeni pa embandwa. Wafasiri walikuwa na maneno mengi ya kilingeni wangeweza kuyachukua, wakayaacha, wakapanda kwenda ikulu. Hilo lafundisha zaidi kuliko kurasa nyingi za historia ya misioni, kwa kuwa laonyesha ni nani waliyemwona kuwa mshindani na ni nani waliyemwona kuwa mfano. Na hata maneno ya kigeni tunayoyaheshimu hayakuanza matakatifu. Misa ni neno la kuwaaga watu mwisho wa sala. Sakramenti ilikuwa kiapo cha askari wa Roma. Sherehe katika Kiarabu ni ufafanuzi, na ndiyo sababu hata katika Kiswahili orodha ya maneno magumu mwisho wa kitabu huitwa sherehe, ingawa hakuna anayecheza.

Yaweza kuulizwa kama haya yote si mabishano ya walimu tu. Si hivyo. Mzee aliyemwaga rubisi kidogo chini kwa kumkumbuka babaye, na bibi aliyeingizwa katika utumishi wa Mugasha akakaa humo miaka, wote wawili wakiulizwa kwa Kiswahili "Je, ulitambika?" watajibu ndiyo. Kitabu kitaandika jibu moja, na mashauri watakayopewa yatakuwa mamoja. Mzee atabebeshwa mzigo asioubeba kamwe, na bibi hataulizwa kabisa juu ya ule aliougandamizwa nao. Habari ya bibi ndiyo kubwa. Iris Berger, katika kitabu chake Religion and Resistance cha mwaka 1981, ameonyesha jinsi wanawake walivyokuwa wengi katika kubandwa, na jinsi ibada hiyo ilivyowapa cheo na sauti ambayo nyumba na ikulu hazikuwapa. Tambiko la ukoo kwa kawaida huongozwa na mwanamume mkubwa wa nyumba. Ukiliita kubandwa tambiko, umewafuta wanawake hao kwa neno moja, wala hukujua kwamba umefuta kitu.

Wamisionari wenyewe hawakuwa wote wazembe katika hili. Padre Alexandre Arnoux wa Mapadre Weupe aliandika juu ya imandwa wa Rwanda katika jarida la Anthropos mwaka 1912 na 1913, tena kwa kirefu na kwa uangalifu, akiyahifadhi maneno ya wenyeji katika lugha yao. Twamlaumu kwa jambo moja, kwamba aliiita ibada hiyo chama cha siri. Siri ilikuwapo katika maneno na katika kuingizwa; lakini chama ambacho watu wengi sana wa nchi wamo ndani yake, na kila jirani ajua nani yumo, ni siri ya namna ya ajabu. Hata hivyo aliliacha neno lenyewe mahali pake, msomaji akaweza kumsahihisha. Ndilo tunaloliomba kwa waandishi wa Kiswahili.

Shauri letu ni kwamba neno libaki kama lilivyo. Kiswahili kimepokea misa, ekaristi, ibada na sadaka. Hakitavunjika mgongo kwa kupokea kubandwa. Mwandishi alieleze mara moja, mwanzoni, kisha alitumie bila alama na bila kuomba radhi. Kitenzi hakina shida: alibandwa, atabandwa, waliobandwa. Jina ndilo litakalosumbua. Tumeona "wabandwa", nalo halitufai, kwa sababu lafanya wawe watu tu, na embandwa, kama tulivyosema, si watu tu. Afadhali kuandika mbandwa kwa umoja na kwa wingi, kama tusemavyo rafiki au ndugu, na kulipatanisha kama kiumbe hai: mbandwa huyu, mbandwa hawa, mbandwa wa Mugasha amekuja. Na pale ambapo maana ni yule wa rohoni, wala si mtu, mwandishi amtaje kwa jina lake, Wamara au Irungu au mwingine, maana majina wanayo.